Umshangilie nani: taifa lako, bingwa, mnyonge au haki?

Mashindano ya kimataifa yakianza, kila mtazamaji hujikuta ana upande. Nchi yake ikiwa uwanjani, hana la kufikiria. Ikiwa imetolewa mapema au haikufuzu kabisa, moyo hautaki kukaa bure: mechi ikifika dakika ya kumi tayari ipo timu unayoiombea na nyingine unayotamani ifungwe. Wengi husema hiyo ni burudani tu. Mimi naona ni zaidi ya burudani. Jinsi mtu anavyoshangilia huonyesha anavyomtazama mwenye nguvu: kama anaamini mkubwa amestahili ukubwa wake, kama sheria kwake ni ya wote au ni ya wengine tu, na kama yuko tayari kulitaja kosa likiwa la upande wake.

Zipo njia nne kuu za kushangilia, nami nitazilinganisha ili ujue ipi inakufaa. Sitazigawia nafasi sawa, maana hazina uzito sawa.

## Jipime kwanza kwa mikono mitatu

Chukua matukio matatu yanayofanana. Katika yote, mchezaji aliunawa mpira kwenye mechi kubwa na nchi yake ikanufaika.

La kwanza ni la Juni 22, 1986, robo fainali ya Kombe la Dunia katika uwanja wa Azteca, Mexico City. Diego Maradona aliruka pamoja na kipa wa Uingereza, Peter Shilton, akautia mpira wavuni kwa mkono wa kushoto. Mwamuzi Ali Bin Nasser wa Tunisia hakuuona mkono, bao likahesabiwa, Argentina ikashinda 2-1. Miaka minne tu kabla ya hapo, nchi hizo mbili zilipigana vita vya visiwa vya Falklands, ambavyo Waargentina huviita Malvinas, na Argentina ikashindwa.

La pili ni la Novemba 18, 2009, Saint-Denis nje kidogo ya Paris. Ufaransa na Ireland zilikuwa zinagombea tiketi ya Kombe la Dunia, mechi ikaingia muda wa nyongeza. Thierry Henry aliutuliza mpira kwa mkono usitoke nje, akampasia William Gallas, Gallas akafunga. Ufaransa ikafuzu. Ireland iliomba mechi irudiwe, FIFA ikakataa, ingawa Henry mwenyewe alikiri kwamba kuirudia ndiyo ingekuwa haki zaidi.

La tatu ni la Julai 2, 2010, Soccer City, Johannesburg. Ghana na Uruguay zilikuwa sare ya 1-1, dakika za mwisho kabisa za muda wa nyongeza, na Ghana ilikuwa karibu kuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza nusu fainali ya Kombe la Dunia. Dominic Adiyiah alipiga kichwa, mpira ukielekea wavuni, Luis Suárez akauzuia kwa mikono juu ya mstari wa goli. Alipewa kadi nyekundu, Ghana ikapewa penalti, Asamoah Gyan akagonga mtambaa wa panya. Suárez, aliyekuwa anaelekea vyumbani, akashangilia. Uruguay ikashinda kwa mikwaju ya penalti, 4-2.

Sasa jiulize: ni mkono upi unaousimulia kwa tabasamu, na upi unaokuudhi mpaka leo?

Wengi nje ya Uingereza humsamehe Maradona, na wengine humpenda zaidi kwa kosa lile, kwa sababu wanamwona mtu wa nchi iliyoshindwa vitani akimwibia mkubwa. Watu hao hao humlaani Henry, kwa sababu Ufaransa ni kubwa na Ireland ni ndogo. Mkono ni ule ule na makosa yote mawili waamuzi hawakuyaona. Kilichobadilika ni nani aliyemdhulumu nani.

Mkono wa Suárez ndio unaofichua mengi zaidi. Kati ya watatu hao, ni yeye peke yake aliyeadhibiwa. Kitabu cha sheria kilitimizwa chote: kadi nyekundu, kisha penalti. Mwaka 2022, siku moja kabla ya kukutana tena na Ghana, aliulizwa kama ataomba radhi akakataa, akisema yeye alinawa na akatolewa, na aliyekosa penalti hakuwa yeye. Kwa hoja ya sheria hawezi kujibiwa kirahisi. Hata hivyo mamilioni ya watu barani Afrika hawajawahi kuona kwamba haki ilitendeka usiku ule, nami nawaelewa. Adhabu ilikuwa nyepesi kuliko bao lililozuiwa. Na jambo jingine: katika mechi ile watu wengi waliiona Ghana kuwa ndiyo mnyonge, wakati Uruguay ni nchi ya watu takriban milioni 3.5 tu, na Ghana ilikuwa na zaidi ya milioni 20. Aliyekuwa mnyonge pale hakujulikana kwa idadi ya watu. Alijulikana kwa historia ya bara lililosubiri miaka mingi.

Weka majibu yako akilini. Yatakusaidia kuona uko karibu na njia ipi kati ya hizi nne.

## Taifa lako, liwe na kosa au lisiwe nalo

Hii ndiyo njia ya wengi na haihitaji kutetewa. Unashangilia kwenu kwa sababu ni kwenu. Uzuri wake ni kwamba huleta furaha na uchungu ambao njia nyingine hazifikii, na unaushiriki na watu usiowajua kabisa.

Kwa taifa lililokandamizwa, ushabiki huu unaweza kuwa sauti pekee iliyobaki. Agosti 1968 majeshi yaliyoongozwa na Muungano wa Kisovyeti yaliivamia Chekoslovakia. Machi 1969, kwenye mashindano ya dunia ya mpira wa magongo wa barafuni mjini Stockholm, Chekoslovakia iliwafunga Wasovyeti mara mbili, 2-0 kisha 4-3. Baadhi ya wachezaji walikuwa wameifunika kwa utepe nyota nyekundu iliyokuwa kwenye jezi zao. Usiku wa ushindi wa pili watu walijaa mitaani, na mjini Prague ofisi ya shirika la ndege la Kisovyeti ikavunjwavunjwa. Wasovyeti waliondoka Stockholm na dhahabu vilevile, na mwezi uliofuata Alexander Dubček, kiongozi wa mageuzi wa Chekoslovakia, aliondolewa katika uongozi wa chama cha Kikomunisti. Magoli hayakuondoa vifaru. Lakini ukitaka kuelewa kwa nini mtu hulia bendera yake ikipandishwa, anza hapo.

Tatizo ni kwamba hisia hiyo hiyo, ikiwa ndani ya taifa lenye nguvu, hubadilika sura. Anayevamiwa hushangilia ili aonekane bado yupo. Anayevamia hushangilia ili kila mtu akubali kwamba ni halali yake. Mtu anayeipenda nchi yake lazima ajiulize yuko upande upi wa mstari huo, na jibu linaweza kubadilika kizazi kwa kizazi.

Tatizo la pili ni la macho. Mwaka 1951 vyuo vikuu vya Marekani, Princeton na Dartmouth, vilicheza mechi ya futiboli ya Kimarekani iliyojaa rafu. Wanasaikolojia wawili wakawaonyesha wanafunzi wa vyuo vyote viwili filamu moja ya mechi hiyo, wahesabu makosa. Wanafunzi wa Princeton waliona wachezaji wa Dartmouth wakifanya makosa zaidi ya mara mbili ya yale ya timu yao. Wanafunzi wa Dartmouth waliona pande zote mbili karibu sawa. Utafiti huo ulichapishwa 1954 na haujazeeka, maana unaeleza kila ugomvi wa penalti unaousikia leo. Watu wale hawakuwa waongo. Kila mmoja alisema alichokiona.

Ukiongeza siasa za mataifa, mambo huwa mazito zaidi. Fainali ya mpira wa kikapu ya Olimpiki ya Munich, 1972, ilichezewa sekunde tatu za mwisho zaidi ya mara moja, na mwishowe Muungano wa Kisovyeti ukaifunga Marekani 51-50. Rufaa ilisikilizwa na jopo la watu watano. Wajumbe wa Cuba, Hungary na Poland waliwaunga mkono Wasovyeti, na wa Italia na Puerto Rico wakaiunga mkono Marekani. Kila kura ilifuata kambi ya vita baridi. Wachezaji wa Marekani walikataa medali zao za fedha na hawajazichukua hadi leo.

Hata kuhesabu medali kuna upande. Kwenye Olimpiki ya Beijing, 2008, China iliongoza kwa dhahabu na Marekani ikaongoza kwa jumla ya medali, na vyombo vingi vya habari vya Marekani vikapanga jedwali kwa jumla. Paris, 2024, zote mbili zilipata dhahabu 40, Marekani ikiwa na jumla ya 126 na China 91. Sasa gawanya kwa idadi ya watu uone picha inavyogeuka: Julien Alfred aliipa Saint Lucia, nchi yenye watu wasiofika 200,000, dhahabu ya mita 100, na Thea LaFond akaipa Dominica, iliyo ndogo zaidi ya hapo, dhahabu ya kuruka hatua tatu. Jedwali gani ni la haki? Kila taifa hupenda lile linaloliweka juu.

## Bingwa

Sina mengi ya kusema juu ya njia hii. Unamchagua anayeshinda. Brazil ilipata mashabiki dunia nzima kwa kucheza vizuri kuliko wengine, wala si kwa jeshi wala uchumi wake, na kupenda ubora ni jambo la heshima. Anayesema kila shabiki wa mabingwa ni mwoga anakosea.

Hatari yake iko kwingine. Mwaka 1976 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba wanafunzi walivaa zaidi nguo zenye jina la chuo chao siku zilizofuata ushindi kuliko zilizofuata kipigo. Binadamu hupenda kuota jua la mshindi. Tabia hiyo ikihamia kwenye mataifa, unazoea kuona kwamba aliye juu yuko juu kwa sababu anastahili, na ukiulizwa kuhusu bajeti, viwanja, madaktari wa timu na wachezaji walioletwa kutoka kwingine, unaona ni wivu. Ukichagua bingwa, penda mchezo wake, usiazime kiburi chake.

## Mnyonge

Hii ndiyo njia inayopendwa na mtu asiye na timu uwanjani, na kisa chake kizuri kuliko vyote ninavyovijua ni cha 1966.

Kombe la Dunia la mwaka ule lilikuwa na timu 16. Afrika, Asia na Oceania ziliambiwa zigombee nafasi moja, zote tatu kwa pamoja. Mataifa ya Afrika, Ghana ya Kwame Nkrumah ikiwa mstari wa mbele, yaligoma kushiriki. Nafasi ile ikachukuliwa na Korea Kaskazini, nchi ambayo serikali ya Uingereza haikuitambua, na ambayo askari wa Uingereza walipigana nayo miaka isiyozidi 16 nyuma. Walipangiwa mechi zao Middlesbrough, mji wa viwanda vya chuma kaskazini mwa Uingereza, katika uwanja wa Ayresome Park.

Wenyeji wangeweza kuwazomea. Badala yake waliwachukua kama wao. Wakorea walikuwa wadogo kwa kimo, hawakuchoka kukimbia, na walivaa nyekundu, rangi ya klabu ya mji ule. Walifungwa 3-0 na Wasovyeti, wakasawazisha na Chile dakika za lala salama, na Julai 19 wakaifunga Italia 1-0 kwa bao la Pak Doo-ik. Uwanja ulilipuka. Mashabiki wa Middlesbrough wakawafuata hadi Liverpool kwenye robo fainali, ambako Wakorea waliongoza 3-0 dhidi ya Ureno ndani ya dakika 25.

Kisha Eusébio akafunga manne, Ureno ikashinda 5-3. Eusébio alizaliwa Msumbiji, iliyokuwa koloni la Ureno. Kwa hiyo katika mashindano ambayo Afrika ilikuwa imegoma kwa kunyimwa nafasi, mwana wa Afrika ndiye aliyemtoa mnyonge aliyeipata nafasi hiyo, akiwa amevaa jezi ya mkoloni. Mtu anayedhani kumtambua mnyonge ni kazi rahisi aitafakari mechi hiyo kwa utulivu aone atamshangilia nani.

Kugoma kule hakukupotea bure. Kombe la 1970 Afrika ilipewa nafasi yake yenyewe, na Morocco ndiyo iliyoichukua.

Kwa nini watu humpenda mnyonge? Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007 unatoa jibu ninaloliamini. Watu walielekea kuipenda timu isiyotarajiwa kushinda, lakini walipoambiwa kwamba timu hiyo ndiyo yenye fedha nyingi zaidi, wakaiacha na kuhamia kwa yule mwingine. Katika sehemu nyingine ya utafiti huo walionyeshwa ramani za Israel na Palestina, na upande uliochorwa uonekane mdogo ndio uliovuta huruma. Sehemu ya kwanza inatia moyo: watu hawamwonei huruma anayeshindwa tu, wanauliza kama mashindano yalikuwa sawa. Ya pili inatisha: ukubwa wa picha tu unaweza kuamua nani tumwonee huruma.

Huo ndio udhaifu wa njia hii. Mnyonge wa leo akishinda mara tatu ataachwa. Na huruma yetu hutegemea tulivyosimuliwa kisa. Vilevile inaweza kuzaa kisasi badala ya haki. Desemba 2, 2022, Al Wakrah nchini Qatar, Uruguay iliifunga Ghana 2-0, lakini bao la Korea Kusini dhidi ya Ureno katika dakika za nyongeza likaitoa Uruguay kwa idadi ya mabao ya kufunga. Suárez alilia kwenye benchi. Mashabiki wa Ghana walishangilia, ingawa timu yao nayo ilikuwa imetolewa. Sitawahukumu, walikuwa wamebeba mzigo ule kwa miaka 12. Ila furaha ile ilikuwa ya kuona aliyekuumiza naye akiumia, na haikumpa Gyan penalti yake.

## Haki

Njia ya nne ni ngumu kuliko zote na nitaitetea waziwazi. Mshabiki wa haki ana timu kama mtu mwingine yeyote. Tofauti yake ni moja: kuna mambo ambayo hayuko tayari kuyapokea hata yakiipa timu yake ushindi.

Juni 25, 1982, Gijón, Hispania. Algeria ilikuwa imeishangaza dunia kwa kuifunga Ujerumani Magharibi 2-1, na ilimaliza mechi zake za kundi siku moja kabla. Ujerumani Magharibi na Austria ziliingia uwanjani zikijua kabisa kwamba Ujerumani ikishinda kwa bao moja au mawili, zote mbili zitasonga na Algeria itaondoka. Horst Hrubesch alifunga dakika ya 10. Baada ya hapo mpira ukawa wa kupasiana nyuma, hakuna anayeshambulia, kwa zaidi ya saa nzima. Hakuna sheria iliyovunjwa. FIFA haikuweza kumwadhibu mtu.

Lakini waangalie waliokuwa wanatazama. Watazamaji wa Hispania walipunga vitambaa na kulitaja jina la Algeria. Mtangazaji wa televisheni ya Austria, Robert Seeger, aliwaambia watazamaji wa nchi yake wazime televisheni. Mtangazaji wa Ujerumani, Eberhard Stanjek, alichukizwa mpaka akakaa kimya bila kutangaza kwa muda. Timu zao zilikuwa zinafuzu! Walikataa zawadi ambayo mtu mwingine angeinyamazia. Tangu Kombe la 1986, mechi za mwisho za kila kundi huchezwa kwa wakati mmoja, na kila unapoona mechi mbili zimeanza saa ile ile, hilo ni deni lililolipwa kwa Algeria.

Kuna waliolipa gharama kubwa zaidi. New Zealand ni nchi inayoiabudu raga. Mwaka 1981 timu ya Afrika Kusini ya enzi ya ubaguzi wa rangi ilialikwa huko, na nchi ikagawanyika. Nahodha wa New Zealand, Graham Mourie, alikataa kucheza mechi hizo. Julai 25, mjini Hamilton, mamia ya waandamanaji walivunja uzio wakasimama katikati ya uwanja mpaka mechi ikafutwa, huku mashabiki wenzao waliolipa kiingilio wakiwatupia chupa. Mechi ya mwisho, Auckland, Septemba 12, ndege ndogo ilipita juu ya uwanja ikidondosha mifuko ya unga. New Zealand ilishinda 25-22 kwa penalti ya dakika ya mwisho. Fikiria kuwa mpenzi wa raga maisha yako yote, halafu siku ya ushindi huo uko nje unapinga mechi isichezwe. Huo ndio ushabiki wa haki unapofika mwisho wake.

Mwaka 1976 gharama hiyo iliangukia wanariadha wa Afrika. Zaidi ya nchi 20 zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand ilikuwa imeipeleka timu yake ya raga Afrika Kusini. Filbert Bayi wa Tanzania, aliyekuwa amevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 huko Christchurch kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akimwacha John Walker wa New Zealand nafasi ya pili, hakukimbia Montreal. Walker akachukua dhahabu. Mbio ambazo dunia ilizisubiri kwa miaka miwili hazikuwepo. Anayesema kushangilia haki ni maneno matupu, hajafikiria nini kilichukuliwa kwa kijana yule.

Kwenye klabu nako njia hii ipo. Aprili 18, 2021, klabu 12 za Ulaya zilitangaza ligi yao ambayo waanzilishi wake wasingeweza kushushwa daraja. Walionufaika walikuwa vigogo, na mashabiki wa vigogo hao hao nchini Uingereza ndio waliojaa barabarani kuipinga. Siku mbili baadaye klabu zote sita za Uingereza zilitangaza kujitoa.

Njia hii ina kasoro. Ikichukuliwa peke yake inaweza kumfanya mtu awe mwamuzi wa dunia nzima, asiye na uchungu na mechi yoyote. Nayo huchanganya sheria na haki, vitu ambavyo Gijón na Johannesburg vimetuonyesha kuwa si kimoja. Asiyelipima hilo ataishia kumtetea mkubwa kwa kuwa tu mkubwa ana wanasheria wazuri.

## Zikiwekwa bega kwa bega

Mwamuzi akikosea kwa faida ya upande wako, mshabiki wa taifa hukaa kimya, wa bingwa husema wangeshinda tu, wa mnyonge hufurahi kwa kuwa safari hii bahati imemwangukia aliyezoea kuikosa, na wa haki hulitaja kosa. Hapo njia ya nne inashinda bila ubishi.

Kwa furaha, taifa halina mpinzani. Ushindi wa nchi yako hukaa nawe miaka. Ushindi wa mnyonge uliyemchagua dakika ya kumi hukaa wiki moja.

Upande wako ukipata nguvu, mshabiki wa mnyonge huhama, na kuhama kwake kunaonyesha alipenda hali kuliko watu. Wa taifa hubaki, ila ndipo anapohitaji kuonywa zaidi. Serikali ikitumia timu kujisafisha, mshabiki wa bingwa na wa taifa ndio wanaonaswa kwanza; wa mnyonge hunaswa pia, serikali ile ikijua kujionyesha kama mwonewa. Serikali nyingi zinajua.

## Uchague ipi

Kama nchi yako iko uwanjani, ishangilie kwa sauti yote uliyonayo. Usijilazimishe kuwa baridi. Weka sharti moja tu kabla mechi haijaanza: kosa ambalo ungelipigia kelele likifanywa na wapinzani, litaje pia likifanywa na wenu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hata akiwa ni mpinzani wako.

Kama nchi yako ni kubwa, yenye fedha na ushawishi, sharti hilo ni zito zaidi kwako, na ukisikia wadogo wanalalamikia ratiba, nafasi za kufuzu au mahali pa kuchezea, chunguza kabla ya kusema wanalialia. Kumbuka Waafrika na Kombe la 1966.

Kama huna timu, mchague mnyonge, lakini uliza mnyonge wa nini: wa fedha, wa historia, wa kiwango, au wa kimo tu kwenye picha. Kama unachotafuta ni mchezo mzuri, mfuate bingwa bila aibu, na siku akifungwa kihalali umpongeze aliyemfunga, maana asiyekubali kushindwa si mshindani.

Na kama uliipitia ile mikono mitatu ukaona umemsamehe mmoja na kumlaani mwingine, chukua hatua moja zaidi kabla ya mashindano yajayo: andika kwa sentensi moja sababu ya tofauti hiyo, kisha uisome ukijifikiria wewe ndiye shabiki wa Uingereza, wa Ireland, au wa Ghana. Sentensi hiyo ikikuridhisha hata ukiwa upande wa aliyeumizwa, baki na ulichochagua. Isipokuridhisha, bado una nafasi ya kuchagua upya kabla mpira haujaanza.